Mbu Hana Likizo

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Aprili, mawingu ya masika yakishatanda na mitaro ikaanza kufurika, husikika maneno yale yale barazani, dukani na hata maofisini: "Mbu wa masika wamekuja." Husemwa kama vile wanatajwa wageni walioshuka bandarini, ambao siku zao zikitimia watapanda chombo warejee kwao. Hapo ndipo vyandarua hutolewa makabatini. Hapo ndipo gari la matangazo hupita mitaani, na mwalimu husimama mbele ya mstari asubuhi akawahimiza watoto kufukia madimbwi. Mvua ikikatika, kila kitu hurudi kilikotoka. Chandarua hukunjwa, gari huegeshwa, na mwalimu huendelea na hesabu zake.

Nasema katika kurasa hizi kwamba desturi hiyo ni ya hatari. Imewagharimu watu wa Unguja na Pemba mara mbili katika umri wangu, na yaweza kutugharimu mara ya tatu. Hoja yangu ni moja tu: vita vya mbu tunavipigana wakati usiofaa. Tunaingia uwanjani pale adui anapokuwa na nguvu kutushinda, na tunakwenda kulala pale anapokuwa dhaifu. Juu ya hayo, tunailaumu mvua kwa kazi ambayo sehemu yake kubwa tunaifanya sisi wenyewe kwa mikono yetu.

Tuanze na kalenda, maana ndiyo inayotuponza. Misimu ya visiwa vyetu kila mtoto wa mvuvi huijua kabla hajazijua herufi. Kaskazi huvuma kuanzia Disemba hadi Machi, na miezi ya Januari na Februari ndiyo ya joto na ukavu. Masika huanza Machi na kumalizika Mei. Kisha huingia kusi pamoja na baridi ya kipupwe, kuanzia Juni hadi Septemba. Kati ya Oktoba na Disemba huja mvua za vuli, ambazo ni chache kuliko za masika, ingawa miaka mingine huja kwa kishindo.

Mbu wa malaria, ambaye wataalamu humwita anofelesi, kwa kweli huifuata kalenda hiyo. Hupenda kutaga katika maji yaliyotulia yenye kupigwa na jua, hata yale yaliyojaa katika nyayo za ng'ombe njiani. Yai lake huchukua siku saba hadi kumi na nne kuwa mbu kamili, na katika joto letu hazifiki nyingi. Jike akinyonya damu yenye vijidudu vya malaria, hukaa siku kumi hivi au zaidi kabla hajaweza kumwambukiza mtu mwingine. Na mtu huyo naye hukaa siku saba au zaidi kabla homa haijampanda. Jumlisha hesabu hiyo, ndugu msomaji, nawe utaona kwa nini homa haifikii kilele siku ya mvua kubwa. Hufikia kilele wiki kadhaa baadaye, mwezi wa Juni na Julai, wakati watu wamekwisha kukunja vyandarua kwa kuwa eti masika yamepita. Kwa hiyo hata kwa huyu mbu mmoja anayefuata mvua, sisi kalenda yake tunaisoma kwa makosa.

Sasa jiulize: wakati wa kiangazi huyu mbu huwa wapi? Hafi wote. Wangekufa wote mwezi wa Februari, masika yangemkuta nani wa kutaga? Wachache hubakia pale penye maji ya kudumu: katika mabonde ya mpunga yanayomwagiliwa, katika visima vilivyoachwa wazi, kando ya vijito, na katika mashimo makubwa tuliyochimba mchanga na mawe ya kujengea kisha tukayaacha wazi kama vidonda. Hao wachache ndio mbegu ya mamilioni ya mwezi wa Mei. Mwezi wa Aprili madimbwi ya shehia moja hayahesabiki. Mwezi wa Februari sheha mwenye daftari na penseli anaweza kuyahesabu yote kwa siku moja, na jioni akawa amerudi nyumbani kunywa chai. Mwalimu anayemtafuta mtoro humtafuta wakati darasa limekaa na majina yanaitwa, hangoji kengele ya mapumziko watoto mia nne wakawa wamemwagika uwanjani. Sisi tumechagua kumtafuta mbu wakati wa mapumziko.

Hayo ni ya anofelesi. Lakini visiwa hivi vina mbu wengine wawili wa kuogopwa, na hao wawili ndio wanaoivunja kabisa hadithi ya mbu wa masika.

Wa kwanza ni kuleksi, yule anayetuimbia masikioni usiku kucha. Huyu hapendi maji safi. Makao yake ni vyoo vya shimo vyenye maji, makaro yaliyopasuka mifuniko, na mitaro ya mjini iliyozibwa kwa taka. Ndiye aliyewaletea babu zetu matende na mabusha, maradhi ambayo wengine waliyadhania kuwa ni urogi. Karo halingoji mvua ili lijae. Hujazwa na wenye nyumba, kila siku, mwaka mzima, na kuleksi huzaliana humo kaskazi na kusi.

Kama kuna mtu anayeshuku kuwa mbu huyu anaweza kushindwa, na akumbuke yaliyofanyika Makunduchi. Mwaka 1988 wataalamu walimwaga katika vyoo vya shimo vya mji ule punje nyeupe za plastiki nyepesi, ya aina ile ile inayofungiwa televisheni katika kasha lake. Punje hizo zikaelea, zikatandaza juu ya maji tabaka ambalo mbu hawezi kutagia mayai na kiluwiluwi hawezi kupitisha pumzi. Wakati huo huo wananchi walipewa dawa ya kuua minyoo ya matende iliyo damuni. Kabla ya kazi ile, karibu nusu ya watu waliopimwa walikuwa na vijidudu vya matende katika damu. Baada yake idadi hiyo iliporomoka, na mbu wa chooni wakawa haba kiasi cha watu wenyewe kushangaa. Hakikuhitajika chombo cha anga. Zilihitajika punje za plastiki na watu waliokubali kuvihesabu vyoo vyao kimoja kimoja.

Wa pili ni aedesi, mbu mdogo mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana kweupe, hasa asubuhi na alasiri jua linapoelekea kuzama. Huyu ni mbu wa nyumbani kabisa. Hutaga katika pipa, tangi, mtungi, tairi bovu, kopo, chungu cha maua na kifuu cha nazi kilichotupwa jaani. Mayai yake huyagandisha kwenye ukingo wa chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa bila kufa, yakingoja siku maji yatakapopanda tena. Kwa sababu hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Lazima chombo kisuguliwe. Ndiye anayeeneza homa ya dengi na chikungunya.

Wengi hudhani hizo ni homa za kigeni zilizokuja juzi kwa ndege. La. Zanzibar ilikumbwa na homa ya kuvunja viungo mwaka 1823 na tena mwaka 1870, na watu wa mji huu waliipa jina la kidingapopo. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu watu hapa wakati ule, aliandika habari zake, na wapo wataalamu wanaosema kwamba hata jina la dengi limetokana na neno hilo letu. Wengine wanaona kwamba maradhi ya siku zile yalikuwa chikungunya, ambayo nayo haikutoka mbali: ilitambuliwa kwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika, katika nyanda za juu za Wamakonde, mwaka 1952 na 1953, na jina lake ni la Kimakonde, lenye maana ya kukunjamana kwa maumivu. Basi tumekuwa na mbu huyu majumbani mwetu kwa zaidi ya miaka mia mbili, na bado tunamwita mgeni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Nimesema desturi yetu ya kupumzika imetugharimu mara mbili. Ni haki ya msomaji kudai ushahidi.

Mwaka 1957 ilianza hapa kampeni ya kuifuta malaria, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani. Nilikuwa mtoto, na nawakumbuka wapiga dawa wakiingia na mabomba yao mgongoni, mama zetu wakihangaika kutoa vyombo nje, na kuta zikibaki na ungaunga mweupe wa DDT. Kazi ile ilifanikiwa. Kufikia mwaka 1968 watu waliokutwa na vijidudu vya malaria katika damu walikuwa wameshuka hadi asilimia chache tu. Mwaka huo huo wa 1968 kazi ikasimamishwa. Adui alikuwa amelala, nasi tukamwachia kitanda. Haikupita miaka kumi malaria ikawa imerudi kwa nguvu, na safari hii ilimkuta mtoto aliyezaliwa katika miaka ya salama, ambaye mwili wake haukuwa umejifunza kupambana nayo.

Katika miaka ya 1980 tukaanza upya, kwa fedha za Marekani na kwa DDT ile ile. Lakini mbu naye alikuwa amekwenda skuli; wengi walikuwa wameizoea dawa. Mwishoni mwa muongo ule mradi ukafungwa, magari yakachakaa, na wodi za watoto zikaendelea kujaa.

Mara ya tatu ndiyo hii tuliyo nayo. Mwaka 2003 ilianza kutumika dawa mseto yenye artemisinini katika vituo vya afya. Vikafuata vyandarua vilivyotiwa dawa, na mwaka 2006 upigaji wa dawa majumbani ukaanza tena, kwa dawa nyengine. Katika miaka michache kiwango cha maambukizi kikashuka chini ya asilimia moja. Ni kazi ya kujivunia, na walioifanya nawavulia kofia. Lakini angalia yaliyofuata. Kijana wa miaka ishirini leo hajui mtoto anayetetemeka kwa degedege la malaria. Kwake chandarua ni kitu cha kuzungushia kuku au kuvulia dagaa. Mwishoni mwa mwaka 2023 mvua za vuli zilipokuwa kubwa, wagonjwa wa malaria wakaongezeka ghafla, na ongezeko hilo likaendelea hadi mwaka 2024. Watu wakashangaa. Mimi sikuona la kushangaza. Akumulikaye mchana, usiku hukuchoma, na huyu alikuwa akitumulika kwa miaka kumi na tano.

Nakuja sasa kwa wale wanaonipinga, maana nimebishana nao misikitini, barazani na ndani ya boti za kwenda bara.

Wa kwanza husema: "Malaria ya siku hizi huletwa na wageni na wasafiri." Ni kweli kwamba wagonjwa wengi wanaopatikana hapa wametoka safari ya bara siku za karibuni, na ni kweli kwamba watoto wetu wanaokwenda kwa jamaa zao likizo ya Disemba hurejea na zaidi ya zawadi. Lakini fikiri kidogo. Kijidudu kikishuka bandarini ndani ya damu ya msafiri, hakiwezi kutembea peke yake kutoka Malindi kwenda Kwahani. Kinahitaji mbu. Na mbu huyo hakusafiri. Amezaliwa hapa, katika shimo letu, kwa ruhusa yetu. Mgeni huja na kijidudu, mwenyeji humpa usafiri. Msafiri apimwe na atibiwe, hilo silikatai. Hata hivyo anayemlaumu msafiri peke yake anatafuta mtu wa kumsingizia ili asiliangalie karo lake.

Tazama wenzetu wa kisiwa cha Morisi, ambao nao huzungukwa na bahari na hupokea wageni wengi. Waliifuta malaria, wakapewa cheti mwaka 1973. Mwaka 1975 kimbunga Gervaise kikawapiga, na katika miaka iliyofuata malaria ikawarudia. Iliwachukua hadi miaka ya 1990 kuing'oa tena. Tangu hapo hawakwenda kulala. Wanaotoka nchi zenye malaria hufuatiliwa, na mazalio ya mbu huangaliwa hata katika miaka ambayo hakuna mgonjwa wa kienyeji hata mmoja. Hiyo ndiyo tofauti baina ya kushinda mchezo mmoja na kubaki na kombe.

Wa pili husema: "Hiyo ni kazi ya Serikali na wafadhili." Kwa Serikali, sehemu ni kweli, nami nitaisema bila kumung'unya. Mwananchi hawezi kuzibua mtaro mkuu wa mji kwa jembe. Hawezi kumlazimisha mchimba mchanga kufukia shimo lenye ukubwa wa uwanja wa mpira. Hawezi kuwaamuru wenye nyumba za kupangisha wafunike makaro. Hayo yanataka sheria na mtu wa kuisimamia, na ofisi inayotoa kibali cha kuchimba shimo jipya kabla la zamani halijafukiwa inafuga mbu kwa muhuri rasmi.

Ama kwa wafadhili, nadhani tumepata somo. Mwaka 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada, ambalo fedha zake zilikuwa mojawapo ya nguzo za kazi hii visiwani tangu mwaka 2006. Sitaki kumlaumu aliyetusaidia kwa muda wote huo. Lakini mtu anayetegemea mwavuli wa jirani hana haki ya kushangaa akilowa. Kufunika tangi hakuhitaji bajeti ya Washington.

Wa tatu ndiye ninayemheshimu zaidi, kwa sababu ana haki. Ni mama wa nyumbani anayesema: "Mwalimu, mfereji hautoki kila siku. Nisipoweka maji ndani ya pipa, watoto wataoga nini?" Mama huyu asiambiwe asiweke maji. Aambiwe ukweli uliokamili: pipa lenye mfuniko unaobana, au lililofungwa kitambaa kizito kwa kamba, halizai mbu. Pipa linalosuguliwa kwa brashi mara moja kwa wiki halizai mbu, kwa sababu mbu anahitaji wiki au zaidi kukua, nasi tunamkatiza kabla hajaota mabawa. Na anayepaswa kuona haya kwa pipa la mama huyu ni yule mwenye dhamana ya bomba kavu.

Huenda msomaji anajiuliza kwa nini mwalimu mstaafu wa chuo cha ualimu ajitie katika mambo ya madaktari. Sababu ni kwamba kushindwa kwetu kumeanzia darasani. Katika miaka ya 1990 nilikwenda kumkagua mwanachuo aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha, katika skuli moja ambayo sitaitaja. Somo lilikuwa maisha ya mbu. Kijana yule aliandaa somo vizuri: chati ya rangi, mishale, yai, kiluwiluwi, pupa na mbu kamili. Watoto waliimba majina hayo kwa sauti moja. Kipindi kilipokwisha nilikwenda kunawa mikono katika tangi la nyuma ya darasa, nikakuta maji yamechemka kwa viluwiluwi. Nikawaita watoto wanne watano nikawauliza, hawa ni nini? Wakanijibu kwamba ni funza wa maji, nao wapo siku zote. Nikauliza, na mbu je? Mmoja akanijibu kwa adabu kabisa, "Mbu tumemwacha ubaoni, mwalimu."

Sikumlaumu mtoto yule, wala yule kijana. Alifundisha kama mtihani ulivyomtaka afundishe. Mtihani huuliza: "Taja hatua nne za ukuaji wa mbu." Mwanafunzi hutaja, hupata alama zake nne, hurudi nyumbani akateka maji katika pipa lenye hatua tatu kati ya hizo nne zikiogelea. Elimu isiyovuka kizingiti cha darasa ni mapambo. Ningekuwa na madaraka leo, swali lingekuwa: "Hesabu vyombo vyote vyenye maji nyumbani kwenu na karibu na nyumba yenu. Vingapi vina viluwiluwi? Umefanya nini?" Na swali hilo lingetolewa Februari.

Lipo na jambo la kuumwa kwenyewe, ambalo nalo limezongwa na uzushi. Chandarua kilichotiwa dawa ni silaha bora ya usiku, na atakayekwambia vingine usimsikilize. Lakini kina masharti. Kichomekwe chini ya godoro. Kikifuliwa kianikwe kivulini, maana jua kali huidhoofisha dawa. Hutengenezwa kistahimili kufuliwa mara ishirini hivi na kudumu miaka mitatu hivi; kilichochakaa kama wavu wa jarife hakilindi mtu. Na kitumike mwaka mzima, kipupwe na kaskazi.

Hata hivyo chandarua humlinda aliyelala. Uchunguzi uliofanywa visiwani baada ya vyandarua na dawa za ukutani kuenea umeonyesha kwamba mbu wa malaria aliyebaki kwa wingi ni yule wa jamii ya arabiensisi, mwenye tabia ya kuuma hata nje ya nyumba. Nasi wakati huo tuko wapi? Wanaume tuko barazani. Vijana wako kwenye mpira wa televisheni. Mama yuko uwani akikaanga vitumbua vya kesho. Mtoto anarudi chuoni baada ya Isha. Mlinzi yuko getini, mvuvi yuko pwani. Kwa saa hizo tunahitaji nguo ndefu zinazofunika miguu na mikono, na zenye rangi ya kung'aa. Tunahitaji feni kwa mwenye umeme, kwani mbu ni mrukaji dhaifu na upepo humshinda. Tunahitaji wavu madirishani, na dawa ya kupaka yenye DEET kwa kiasi cha asilimia ishirini hadi thelathini, au yenye ikaridini, ambayo hulinda kwa saa kadhaa. Mtoto wa chini ya miezi miwili asipakwe. Yeye afunikwe kwa chandarua, hata akilala mchana, kwa ajili ya aedesi.

Ama kitunguu thaumu tumboni hakimfukuzi mbu, huwafukuza wenzako. Vile vijisanduku vya umeme vinavyodaiwa kutoa sauti ya kumkera mbu ni njia ya kukukera wewe mfukoni. Kivumbasi cha bibi zetu kina harufu isiyopendwa na mbu, sikidharau, lakini nguvu yake ni ya muda mfupi na hakishiki nafasi ya chandarua. Na dawa ya kufukiza, ile iliyozungushwa kama konokono, ifukizwe penye hewa, maana moshi wake katika chumba kilichofungwa ni adui wa kifua.

Lakini kujikinga na mbu aliyekwisha kuzaliwa ni nusu ya kazi. Nusu ya kwanza ni kumzuia asizaliwe, na hiyo ndiyo yenye wakati wake. Basi napendekeza kalenda iliyopinduliwa. Januari na Februari, na tena Agosti na Septemba, ndiyo iwe miezi ya kampeni. Katika miezi hiyo kila shehia iandike maji yake yote ya kudumu: visima, mashimo, makaro, mabonde, matangi. Yanayofukika yafukiwe, yanayofunikika yafunikwe, na yale yasiyowezekana, kama bonde la mpunga, yatiwe dawa ya kuulia viluwiluwi na wanaojua kazi hiyo. Masika yakija yakute mbegu haipo. Na katika miaka ambayo hospitali hazina wagonjwa, bajeti ya mbu isiguswe, kwa sababu hiyo ndiyo miaka ambayo fedha kidogo hufanya kazi kubwa.

Kuna sababu ya kuharakisha. Mwaka 2012 katika nchi ya Jibuti alionekana mbu mgeni wa malaria aliyetoka Asia, aitwaye stefensi. Huyu ameziunganisha tabia mbili mbaya kuliko zote: hubeba malaria kama anofelesi wenzake, na huishi mjini katika matangi na mapipa kama aedesi. Jibuti ilikuwa na wagonjwa 27 tu mwaka ule. Mwaka 2020 walipindukia 70,000. Tangu hapo ameonekana Uhabeshi, Sudan na Somalia, na mwaka 2023 Kenya ilitangaza kwamba yuko kwao. Mbu huyo hangoji masika, kwa sababu tangi la mjini lina maji mwaka mzima. Mji wenye matangi wazi umekwisha kumtandikia kitanda.

Nimefundisha walimu kwa miaka mingi, na najua kwamba maneno mengi hayamfanyi mtu kunyanyuka kitini. Kwa hiyo naomba jambo moja dogo. Februari ijayo, wakati jua linachoma na hakuna anayezungumza habari za mbu, chukua kurunzi, nenda uwani kwako, ufunue tangi na utazame ndani. Ukiwakuta wanaocheza humo, usingoje gari la matangazo.